Mshahara Ukikoma, Nyumba Isikome

Somo kwa wafanyakazi wa Voi na Taita Taveta walio karibu kustaafu, na kwa wake zao

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na muda si mrefu ikafika Voi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza tawi likatandazwa kutoka Voi kuelekea Taveta, na mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa na Nairobi ikaanza kuchukua abiria, nayo ina stesheni yake Voi. Katika miaka yote hiyo watu wa Taita Taveta wamepanda gari kwenda kutafuta kazi: wengine relini na bandarini, wengine katika mashamba ya mkonge, wengine katika shule, hospitali na ofisi za Serikali. Nao wamekuwa na desturi moja, ya kwamba kila mtu huondoka akijua kuwa siku moja atarudi nyumbani.

Safari ya kwenda hutayarishwa vema. Mama hufunga chakula, baba hutoa nauli, mjomba hutoa mawaidha. Lakini safari ya kurudi, ambayo ni ndefu kuliko ile ya kwanza kwa kuwa haina mwisho wa mwezi tena, mara nyingi haitayarishwi kabisa. Mtu hufanya kazi miaka 30, kisha hushangaa barua ya kustaafu inapofika, kana kwamba hakujua siku yake ya kuzaliwa.

Somo letu la leo ni juu ya safari hiyo ya kurudi. Tutaeleza jinsi mtu mwenye kipato kidogo awezavyo kuishi uzeeni kwa utulivu, bila kuwa mzigo kwa watoto na bila kuogopa kila anapobisha hodi mtu mlangoni. Na neno kubwa tutakalolisema ni hili: raha ya uzeeni hailetwi na wingi wa fedha zitolewazo siku ya kustaafu, bali huletwa na hesabu ya kila mwezi.

MFANO WA WATU WAWILI

Tuchukue mfano wa wafanyakazi wawili. Si watu fulani, lakini kila msomaji ataona kuwa amewahi kukutana nao. Wote wawili walikuwa watumishi wa Serikali, nao walikuwa katika mpango wa zamani wa pensheni. Wote walifanya kazi miaka 30 kamili, na mshahara wao wa mwisho ulikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Walistaafu siku moja, wakiwa na umri wa miaka 60, maana ndio umri wa kustaafu kwa watumishi wa Serikali ya Kenya tangu mwaka 2009. Kabla ya hapo ulikuwa miaka 55.

Watalipwa nini? Sheria ya Pensheni hutumia hesabu ambayo mtu yeyote aliyesoma shule aweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Huchukuliwa miezi ya kazi, ambayo hapa ni 360. Huzidishwa kwa mshahara wa mwaka mzima, ambao ni shilingi 480,000. Kisha jumla hugawanywa kwa 480. Jibu ni shilingi 360,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa mwezi.

Lakini mstaafu aweza kuomba robo ya pensheni hiyo apewe mara moja, na wengi hufanya hivyo. Robo ya 360,000 ni 90,000; nayo huzidishwa mara 20, ikawa shilingi 1,800,000. Hiki ndicho kiinua mgongo. Baada ya hapo pensheni yake ya kila mwezi hushuka kutoka 30,000 hadi 22,500.

Basi watu wetu wawili walirudi nyumbani wakiwa sawasawa kabisa: kila mmoja ana shilingi 1,800,000 mkononi na 22,500 kila mwezi. Tutaona walivyoachana njia.

KWANZA, JUA FEDHA ZAKO ZATOKA WAPI

Si kila mtu ana pensheni ya namna hiyo, kwa hiyo yampasa kila mfanyakazi kujua mapema yumo katika mpango gani.

Tangu tarehe 1 Januari 2021 kuna mpango mpya wa watumishi wa Serikali, ambao uliwachukua wale waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 pamoja na walioajiriwa baadaye. Katika mpango huu mtumishi mwenyewe hukatwa fedha: mwaka wa kwanza 2 kwa mia ya mshahara, wa pili 5 kwa mia, na tangu wa tatu 7.5 kwa mia. Serikali nayo huongeza 15 kwa mia. Hapa hakuna hesabu ya 480. Kitakachokuja uzeeni ni kile kilichowekwa pamoja na faida yake. Kwa hiyo mtu akitoa fedha zake kila anapobadili kazi, atajikuta ameula mche kabla haujazaa.

Wafanyakazi wa kampuni, mahoteli, maduka na mashamba ya mkonge hutegemea zaidi Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ambayo watu wengi huiita NSSF, iliyoanzishwa mwaka 1965. Hapa yafaa kusema ukweli bila kuficha. Kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa shilingi 200 tu kwa mwezi, na mwajiri akaongeza 200. Fanya hesabu: shilingi 400 kwa mwezi ni 4,800 kwa mwaka, na kwa miaka 20 ni 96,000, bila kuhesabu faida. Fedha hizo haziwezi kumlisha mtu miaka mingi. Sheria mpya ya mwaka 2013 ilianza kutumika Februari 2023, na sasa mfanyakazi hukatwa 6 kwa mia na mwajiri hutoa 6 kwa mia, mpaka kiwango kilichowekwa. Vijana wa leo watapata nafuu. Lakini mtu aliye na umri wa miaka 55 leo asijidanganye. Miaka yake mingi ilikuwa ya shilingi 200.

Wazee wa miaka 70 na zaidi wana msaada wa Inua Jamii, ambao tangu mwaka 2018 umewahusu wazee wa umri huo hata kama hawakuajiriwa kamwe. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wale walioandikishwa. Msaada huu ni mzuri, lakini ni chumvi ya mboga. Mboga yenyewe hapana budi itafutwe mahali pengine.

KIINUA MGONGO KISIWE KIVUNJA MGONGO

Sasa turudi kwa watu wetu wawili.

Yule wa kwanza aliposhuka Voi, habari za fedha zake zilikuwa zimekwisha kufika kabla yake. Mpwa wake alimwambia, "Mjomba, gari la abiria la kwenda Wundanyi halikosi watu. Nunua moja, mimi nitakuendeshea." Mzee hakuwahi kumiliki gari maishani mwake, wala hakujua bei ya tairi. Alitoa 1,100,000, akanunua gari lililokwisha kutumika. Kwa 400,000 akaanza msingi wa nyumba ya vyumba sita, ingawa watoto wake wote walikuwa wamekwisha kuondoka nyumbani. Zilizobaki 300,000 zikaenda katika karamu, michango, na mikopo ya ndugu ambayo haikuandikwa mahali popote. Kila msomaji aijua njia ipandayo kutoka Mwatate kwenda Wundanyi. Si njia ya kuhurumia gari kuukuu. Baada ya miezi 14 gari lilikaa juu ya mawe, na msingi wa nyumba ukaota nyasi.

Tusimcheke mtu huyu. Hakuwa mlevi wala mvivu. Kosa lake lilikuwa moja, nalo ni kosa la watu wengi waaminifu: alianza biashara asiyoijua, kwa fedha zisizoweza kurudi, katika juma lile lile alilozipata.

Yule wa pili hakuwa na akili nyingi kuliko mwenzake, ila alikuwa na mke aliyeuliza maswali. Usiku wa kwanza walizungumza hivi.

"Baba watoto, fedha hizi ni za miaka mingapi?"

"Nadhani tutaishi miaka 20 bado, Mungu akipenda."

"Basi gawanya kwa miaka 20, uone ni kiasi gani kwa mwezi."

Mzee akachukua kalamu. 1,800,000 kwa miaka 20 ni 90,000 kwa mwaka, yaani 7,500 kwa mwezi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama watoto, kumbe hatukutajirika. Ni ile ile pensheni tuliyoipunguza, tumepewa mbele."

Neno hilo ndilo somo lote la kiinua mgongo. Mtu hakupewa zawadi. Ameuza robo ya pensheni yake, yaani hizo 7,500 za kila mwezi, na hiyo ndiyo bei yake.

Mzee huyu aliziweka fedha benki, akakaa miezi mitatu bila kununua kitu kikubwa. Aliyekuja kuomba mkopo alijibiwa kwa adabu kwamba fedha bado hazijapangwa. Baada ya miezi mitatu akazigawa hivi:

Shilingi 250,000 kumaliza deni lake katika chama cha akiba na mikopo, maana deni lenye riba ni panya ndani ya ghala.

Shilingi 150,000 kutengeneza paa la nyumba aliyokuwa nayo, na kununua tangi la maji.

Shilingi 150,000 kubaki benki kwa ajili ya ugonjwa, msiba, au mwezi ambao malipo yatachelewa.

Shilingi 250,000 kwa shamba, mifugo na uzio.

Shilingi 1,000,000 kuikopesha Serikali, yaani kununua hatifungani zake kwa Benki Kuu ya Kenya.

Watu wengi hudhani ya kuwa hatifungani ni za matajiri wa Nairobi. Sivyo. Mtu aweza kuanza na shilingi 50,000. Serikali hulipa faida mara mbili kwa mwaka, na muda ukiisha hurudisha fedha zenyewe. Kiwango cha faida hubadilika, lakini kwa mfano tu tuseme ni 12 kwa mia: shilingi 1,000,000 zitaleta 120,000 kwa mwaka kabla ya kodi, yaani kama 10,000 kwa mwezi. Hata hivyo kuna mambo mawili ya kuangalia. Fedha zilizofungwa miaka 10 si rahisi kuzipata ukiwa na shida ya ghafula, na ndiyo maana ziko zile 150,000 za benki. Tena bei ya vitu hupanda kila mwaka. Kwa hiyo ni busara kula nusu ya faida na kuirudisha nusu nyingine akibani.

Mwenye kupenda chama cha akiba na mikopo aulize kwanza kama chama hicho kina idhini chini ya Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya mwaka 2008. Na mtu yeyote akiahidi kuzizidisha fedha mara mbili kwa miezi michache, mwonyeshe njia. Kadhalika usimtajie mtu nambari ya siri ya simu yako au ya benki, hata akisema anapiga simu kutoka ofisi ya pensheni.

DAFTARI LA MWEZI

Yule mzee wa pili alinunua daftari, akampa mkewe kalamu. Walikubaliana ya kuwa pensheni ya 22,500 ndiyo itakayoendesha nyumba, na faida ya hatifungani isiguswe kwa chakula. Hesabu yao ya mwezi ilikuwa hivi; kila nyumba itabadili kwa hali yake:

Chakula cha kununua, 8,000.
Maji, taa na gesi ya kupikia, 2,500.
Bima ya afya, 619.
Msaada kwa wajukuu, 3,000.
Akiba, 2,250.
Kanisa au msikiti, misiba na harambee, 1,500.
Nauli, 1,500.
Matengenezo ya nyumba, 1,500.

Jumla ni 20,869, na zilizobaki ni 1,631 kwa mambo ya ghafula.

Tazama sehemu mbili za daftari hili. Ya kwanza ni ile ya wajukuu na harambee. Mzee hakuwanyima watu. Mtu asiyesaidia kabisa hataishi kwa raha katika nchi yetu, wala hatazikwa kwa heshima. Lakini aliweka kiasi, nacho kikiisha husema, "Mwezi huu nimemaliza, mwezi ujao Mungu akipenda." Ndugu hulalamika mara mbili, mara ya tatu huzoea.

Sehemu ya pili ni akiba. Watu wengi hudhani ya kuwa akiba ni kazi ya ujana tu. Lakini mtu wa miaka 60 aweza kuishi miaka 25 tena, na mahitaji ya miaka 80 si sawa na ya miaka 60. Siku itakuja atakapohitaji mtu wa kumshika mkono, naye mtu huyo atahitaji ujira.

SHAMBA LA KULA, SI SHAMBA LA KUTAJIRIKA

Shilingi isiyotoka mfukoni ni sawa na shilingi iliyoingia. Nyumba inayopata mboga, maziwa, mayai na maharagwe kutoka shambani hupunguza ile 8,000 ya chakula bila kuomba nyongeza ya pensheni. Lakini shamba la mstaafu lifuate mahali alipo, na wilaya yetu ya zamani, ambayo sasa ni kaunti, ina nchi za namna tatu.

Milimani, pande za Wundanyi, Werugha na Mgange, mvua ni nzuri na mashamba ni madogo. Hapa yafaa mboga, migomba na maharagwe juu ya matuta, na ng'ombe mmoja wa maziwa wa kulishwa bandani kwa majani ya napia. Miti ya makadamia na maparachichi huzaa baada ya miaka kadhaa. Basi aipande mtu angali kazini, siyo siku anaporudi. Mti uliopandwa ukiwa na miaka 50 utakulipa ukiwa na 60.

Bondeni, pande za Voi, Mwatate na chini ya Sagalla, mvua ni haba, na mara nyingi mvua za vuli za Novemba na Desemba ndizo za kutumainiwa kuliko za masika. Hapa kupanda mahindi matupu ni kucheza kamari. Yafaa pojo, kunde na mtama, pamoja na kuku na mbuzi. Tena kuna ndovu. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na hifadhi zake mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu. Ndovu hawajui mpaka, nao huweza kumaliza kwa usiku mmoja shamba la miezi minne. Wakulima wa Sagalla wamejaribu dawa iliyo nzuri: uzio wa mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na ndovu, ambaye huwaogopa sana, hurudi nyuma. Uzio huu haumzuii kila ndovu, na wakati wa ukame nyuki huweza kuhama. Lakini huokoa mazao mengi, na mwenye shamba hupata asali ya kuuza. Uzio wa waya tu hautoi asali.

Taveta, penye chemchemi na mifereji ya kumwagilia maji, migomba husitawi, na mkungu mmoja kila juma ni kama pensheni ndogo. Lakini hapo maji ni ya wote. Mtu aliyekaa miji miaka 30 ajifunze zamu za maji kwa wazee wa mfereji kabla ya kushika jembe.

Katika nchi zote tatu, shauri ni moja: anza na kidogo, mwulize afisa wa kilimo, wala usiajiri watu watano kulima shamba la kulisha watu wawili.

NYUMBA NA AFYA

Nyumba ya uzeeni ijengwe wakati wa mshahara, kidogo kidogo, si kwa kiinua mgongo. Nayo isiwe kubwa. Vyumba viwili au vitatu, paa lenye mifereji ya kukusanya maji ya mvua, tangi, na choo kilicho karibu. Milimani watu hupenda kujenga juu kabisa penye kuona mbali. Lakini goti la miaka 75 halipendi ngazi. Tena ufikirie utafikaje hospitali usiku, iwe ni hospitali ya rufani ya Moi pale Voi, ya Wesu karibu na Wundanyi, au ya Taveta.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani ya hospitali imeondolewa, na mahali pake pakawekwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato ya nyumba yake, naye hutoa 2.75 kwa mia ya mapato hayo, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Kwa kipato cha 22,500, ni karibu 619, kama tulivyoandika daftarini. Nyumba zisizo na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, basi fedha hizo ziwekwe kando kila mwezi. Mstaafu aliyeacha kulipa kwa sababu hajaugua ni kama mtu aliyeuza mwavuli wakati wa kiangazi.

KARATASI

Hapa twasema na waume hasa. Wanawake wengi hawakujua mume alikuwa na pensheni ya namna gani mpaka siku ya mazishi. Wakaanza kutafuta karatasi wakiwa na machozi machoni, wakakuta jina lililoandikwa la kupokea fedha ni la ndugu aliyekwisha kufa, au la mke asiye wao.

Barua ya kuajiriwa, barua ya kustaafu, nambari ya pensheni, kadi ya NSSF, kitabu cha chama cha akiba, hati ya shamba na cheti cha ndoa viwekwe katika mfuko mmoja, na mke ajue uliko. Majina ya warithi yatazamwe upya kila baada ya miaka michache. Shamba likiwa bado lina jina la babu, lishughulikiwe wakati wazee wanaojua mipaka wangali hai. Na wasia uandikwe. Kuandika wasia hakuiti kifo. Kifo huja bila kuitwa, na wasia huzuia ugomvi usije pamoja nacho.

KWA WASIO NA MSHAHARA

Fundi, mwuza mboga, mkulima na mwendesha pikipiki watauliza, "Na sisi je?" Nao pia wana njia. NSSF ina mpango uitwao Haba Haba, ambao ulitengenezwa kwa watu wasioajiriwa, na mtu huweza kuweka shilingi 25 kwa siku kwa njia ya simu. Shilingi 25 ni kidogo, lakini kwa mwaka ni 9,125, na kwa miaka 20 ni 182,500 kabla ya faida. Ukiweka 50, itakuwa mara mbili yake. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopeshana navyo ni vema, iwapo vina daftari lililo wazi na sanduku lenye funguo za watu zaidi ya mmoja.

MIAKA MITANO BAADAYE

Tumalize mfano wetu. Miaka mitano imepita. Yule wa kwanza bado anapata 22,500, ila sehemu yake hukatwa kulipa deni alilochukua kwa ajili ya gari. Mpwa wake haji tena nyumbani, si kwa ubaya, bali kwa aibu. Na hilo ndilo lililomwumiza mzee kuliko fedha. Lakini hata yeye hajachelewa. Ameuza gari kama chuma chakavu, amelima robo eka ya pojo, na mwezi uliopita alinunua daftari.

Yule wa pili hakutajirika. Hana gari, wala nyumba yake haipigwi picha na wapita njia. Lakini hatifungani zake ziko, tangi lake limejaa, na mkewe ajua kila karatasi ilipo. Jioni hukaa kibarazani akisikia gari moshi likipita mbali kuelekea Mombasa, wala halimtii hofu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Mimi na mwenzangu tutastaafu mwaka gani, na yamebaki malipo mangapi ya mshahara?
2. Pensheni yetu itakuwa kiasi gani kwa mwezi tukitoa kiinua mgongo, na kiasi gani tusipotoa?
3. Tuna madeni gani ambayo ni lazima yaishe kabla ya siku ile?
4. Tukijaribu kuishi mwezi huu kwa nusu ya mshahara, tutashindwa wapi?
5. Ni mti gani tutakaopanda mwaka huu?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno. Lijaribiwe mwezi mmoja, angali mshahara unaingia, maana makosa yatakayoonekana sasa yaweza kusahihishwa kwa mshahara wa mwezi ujao.